Mkono Alioushika Mkufunzi

Nimemchukia Mkufunzi kwa muda mrefu hata viatu vyake navijua. Alikuwa na jozi ya kahawia ya mahakamani Bungoma na jozi nyeusi ya semina Kitale, na zote alizipiga rangi mwenyewe kwa kitambaa cha flana alichokificha ndani ya gari. Watu wengine wakimchukia mtu humkwepa. Mimi nilimfuata. Kila semina yake nilihudhuria, nikakaa mstari wa mbele, nikaandika kila alichosema, na wenzangu wakadhani nina bidii ya masomo.

Jina lake silitaji, wala sitasema alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani. Hayo yatasemwa siku ya mazishi yake, na yatasemwa kwa utamu, maana ana marafiki wengi. Mawakili wote kuanzia Kitale hadi Bungoma humwita Mkufunzi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Wakili katika nchi hii haruhusiwi kulala na alichosoma chuoni. Kila mwaka lazima apate pointi za mafunzo, la sivyo leseni yake haifanywi upya. Sisi tunaoshughulikia kesi za majeraha, yaani waliogongwa na magari, waliokatwa vidole na mashine na walioangukiwa na kuta, pointi zetu tulizipata kwa Mkufunzi, katika ukumbi wa hoteli moja pale Kitale wenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Na mazoea ya mawakili yanajulikana. Unafika, unatia sahihi, unakunywa chai, kisha unapotea. Wengine walikuwa wanakwenda kununua mbolea, kwa kuwa wakili wa kwetu ni mkulima pia. Mkufunzi alilijua hilo vizuri. Kabla ya chai alifundisha sheria kavu kavu, na hadithi zake tamu aliziweka baadaye. "Anayetaka kucheka atarudi," alisema, na watu walirudi mbio na mandazi mkononi.

Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na sauti ya mtu aimbaye besi kanisani, na kweli aliimba besi kanisani. Hakupenda slaidi. Alikuwa na kiunzi cha mifupa cha plastiki, kile cha kufundishia wanafunzi wa uuguzi, na alikwenda nacho kila mahali. Alimwita Shahidi. Siku moja askari wa trafiki walimsimamisha Kiminini, wakachungulia dirishani, wakamwona Shahidi amekaa kiti cha mbele na mkanda amefungiwa. Askari mmoja akaruka nyuma akamwita Yesu. Mkufunzi akatoa kichwa nje akasema, "Afande, yeye amefunga mkanda. Wewe unataka nini tena?" Hadithi hiyo aliisimulia mara nyingi, na mimi, Mungu anisamehe, kila mara ilinijia kicheko nikakimeza.

Kwa sababu nilikuwa nimeapa kutomchekea. Hicho kilikuwa kisasi changu cha kwanza, kidogo, cha kitoto. Ukumbi mzima unapasuka kwa kicheko, mimi nimekaa mbele pale nimekaza uso. Mwishowe alianza kuniona. "Huyu wakili wa Bungoma hacheki," aliwaambia wenzangu. "Mleteeni chai nyingine, labda sukari haikutosha." Nao wakacheka tena.

Kama mwalimu, hakuwa na mpinzani. Nitakiri hili ingawa linaniuma. Ni yeye aliyenifundisha kusoma ripoti ya daktari kuanzia mwisho, pale daktari anapotoa maoni yake, kisha kurudi juu kuona kama maoni yana miguu ya kusimamia. Ni yeye aliyetulazimisha kumshika Shahidi na kutaja mifupa ya bega mmoja baada ya mwingine huku yeye akitusimamia. "Ukikosa mfupa, mteja amekosa haki," alisema. Kijana mmoja alipokosa, alimwambia avue koti ajitafute mwenyewe. Mawakili wachanga wakimwendea ofisini aliwaazima vitabu na hakuuliza vitarudi lini. Alikuwa anawafanyia hivyo hata wale ambao wiki iliyofuata wangesimama dhidi yake mahakamani.

Na yeye mahakamani alisimama daima upande wa kampuni za bima. Maisha yake yote ya kazi alikuwa anakuja kuonyesha kwamba aliyeumia hakuumia sana. Hapo ndipo mtu huyu alipokuwa hashikiki. Jioni moja alimkuta mwendesha bodaboda amelala kando ya barabara karibu na Kachibora, watu wamemzunguka na simu zao wanapiga picha. Mkufunzi aliteremka, akavua koti, akambeba yule kijana mpaka ndani ya gari, akamkimbiza hospitalini. Kiti cha nyuma kilibaki na doa la damu ambalo hakulitoa kamwe. Baadaye kesi ya kijana yule ilipofika, bima ilimtuma Mkufunzi, naye akaikubali. Alimhoji kijana yule yule aliyembeba, akamuuliza kama hakuweza kutembea mwenyewe hadi garini. Nilimsikia akisimulia hilo semina bila aibu. "Msamaria alikuwa mimi wa jioni," alisema. "Asubuhi mimi ni wakili."

Ushauri aliourudia kila semina ulikuwa huu: kesi ya jeraha haianzi hakimu akiingia, huanza pale nje kwenye benchi. Mwangalie mlalamishi anavyokaa, anavyoinuka, anavyobeba mfuko wake, kwa sababu mtu akiwa nje hajajipanga bado. Mawakili wanaandika. Halafu, baada ya chai, anakuja na hadithi yake kubwa, ile iliyompa umaarufu, hadithi ya mama wa Misikhu.

Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa wakili mpya, joho langu bado linanuka duka. Aliisimulia hivi. Palikuwa na mama mmoja wa Misikhu, muuza mboga, aliyedai kwamba bega lake la kulia lilikufa baada ya trela la miwa kuacha barabara na kumbana ukutani. Asubuhi ya kesi, Mkufunzi alimkuta amekaa kwenye baraza la mahakama Bungoma. Akamsalimia. Yule mama akainuka akampa mkono wa kulia, sawasawa, bila wasiwasi. Wakaingia ndani. Mama akasimama kizimbani kueleza jinsi mkono ule hauwezi hata kuinua kikombe. Mkufunzi akainuka.

"Mama, asubuhi hii tumesalimiana?"

"Ndio."

"Ulinipa mkono upi?"

"Ya kulia."

"Ulilia?"

"Hapana."

"Basi, Mheshimiwa, sina swali lingine."

Hapo Mkufunzi aliunyoosha mkono wa Shahidi, akautikisa mbele ya ukumbi kwa madaha, mifupa ikagongana, na watu wakacheka hadi wengine wakapangusa macho. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha andazi. Nilikikamua mpaka mafuta yakatoka kati ya vidole.

Yule mama ni mama yangu. Na mimi nilikuwepo siku ile barazani, nimevaa sare ya shule, nimebeba mfuko wake wa ripoti za hospitali kwa kuwa yeye hakuweza kuubeba. Nitasema nilichokiona. Mkufunzi alikuja na viatu vyake vya kahawia, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Mulembe, mayi," salamu yetu ya amani kwa mama, na akanyoosha mkono. Mama akainuka. Kwetu mtu mzima hapewi mkono wa kushoto, hata uwe unakufa. Mkono wa kushoto ni wa tusi. Kwa hiyo mama alikishika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama tunavyofanya kumwonyesha mkubwa heshima, ila yeye alikuwa anausukuma mkono ule juu kwa nguvu, kama mtu anayeinua jiwe. Akaupeleka mpaka kwa Mkufunzi. Naye akaushika, wala hakuuachia haraka, akiuliza habari za mvua na za mahindi. Mama alipokaa chini tena alikuwa amefunga macho.

Wakili wetu alikuwa mpole, mzuri wa tabia, na alikuwa anaangalia saa yake. Baada ya mahojiano ya Mkufunzi sheria ilimpa nafasi ya kumuuliza mama maswali mengine. Akasema hana. Hakimu akaandika katika hukumu yake kwamba shahidi huyu ametia chumvi katika maumivu yake na hawezi kuaminika. Kilichobaki cha fidia hakikutosha hata kuitwa pole.

Hilo la fidia tungelisahau. Lililobaki ni jina. Sokoni Misikhu walianza kumwita mama wa mkono wa uongo. Akipita wanauliza, "Mama Nanii, mukono iko sawa leo?" Aliuacha ushirika wa akina mama kanisani, yeye aliyekuwa mwekaji wa maua ya madhabahu, kwa sababu siku moja alishindwa kubeba ndoo ya maji na mwenzake mmoja akacheka. Mpaka leo kitana kinamshinda, hukitumia kwa mkono wa kushoto, na nywele za upande mmoja hukaa zimesimama.

Na mawakili nao wakalichukua. Ndani ya miaka michache, mlalamishi yeyote anayeshukiwa kujifanya mgonjwa, kuanzia Myanga hadi Cherangany, alikuwa anaitwa mama wa Misikhu. Hata wanaume. Nilikuwa naingia mazungumzo ya maridhiano na wakili wa upande wa pili, kijana wa juzi tu, ananiambia akitabasamu, "Si huyu mteja wako ni mama wa Misikhu tu, bana?" Ninatabasamu pia. Nilikuwa natumia jina la mume wangu na hakuna aliyejua. Nikitoka pale ninaenda chooni nanawa uso, kisha ninarudi ninamtoa jasho katika kesi ile mpaka anaomba maji.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa wakili mzuri. Wengine walisomea wito. Mimi nilisomea kisasi, na mwalimu wangu alikuwa ni yule yule niliyekuwa namwinda. Nilijifunza jinsi anavyovuta pumzi kabla ya swali la mwisho. Nilijifunza kwamba akimwita shahidi "mayi" au "papa," mama au baba, kwa upole, kisu kiko njiani. Nikawa nawafundisha wateja wangu wote: mahakamani usimsalimie mtu usiyemjua, wakija na tabasamu kaa chini, sema unaumwa, heshima utaidai ukishinda. Wazee waliniona mtoto asiye na malezi. Sikujali.

Mara moja nilimshinda. Ilikuwa kesi ya fundi wa ujenzi Kitale, na Mkufunzi alileta ujanja wake wote nami nikaufungia mlango mmoja baada ya mwingine. Hukumu iliposomwa nilimgeukia ili nimwone anavyoumia. Alikuwa ananipigia makofi ya kimya kimya kwa vidole. Tulipotoka nje akawaambia mawakili waliokuwa barazani, "Mmeona? Huyo ni mwanafunzi wangu. Huyo nimemtengeneza mimi." Nilirudi Bungoma nimekasirika kuliko kama ningeshindwa. Hata ushindi alikuwa ameuvaa yeye.

Miaka ikasonga. Mkufunzi akazeeka, besi yake ikaanza kukatika, akaacha kufundisha. Mwaka huu kamati ya semina ikanipigia simu. Walitaka mtu wa kufundisha jinsi ya kumhoji mlalamishi na jinsi ya kumlinda anapohojiwa. Nikasema nitakuja. Halafu nikauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama Mkufunzi bado anahudhuria. Wakasema ndiyo, hajarudisha leseni, na yeye pia lazima apate pointi zake. Hukaa nyuma karibu na birika la chai.

Kabla ya siku hiyo nilipita Misikhu. Nilimkuta mama uani anachambua maharagwe kwa mkono mmoja, mwingine ameulaza mapajani kama mgeni. Nikamwambia ninataka kumvua Mkufunzi nguo mbele ya watu wake. Nikamwambia nitamwaibisha mpaka asahau njia ya kwenda kanisani. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Si wewe wacha kelele kwanza," akasema. "Mimi nataka kitu moja tu. Huyo mutu arijua?"

"Alijua nini?"

"Kama mukono irikuwa inauma. Sarama ire. Arijua, ama hakujua? Kama hakujua, basi, arikosea kama mutu yeyote, na mimi nitaracha. Kama arijua..." Akatupa haragwe bovu nje ya ungo. "Muurize hiyo tu. Na mimi nisikie na masikio yangu."

Hivyo siku ya semina, kabla sijasimama, nilimpigia simu mama nikaiweka meza ya mbele kando ya bilauri ya maji, laini ikiwa wazi, yeye yuko Misikhu ameshikilia simu yake sikioni. Ukumbi ulijaa. Chai ilikuwa imeshapita na watu walikuwa wamerudi, wengi wao vijana, wakingoja vichekesho kama walivyozoeshwa. Shahidi alikuwa pale kwenye kona, wamemrithi pamoja na mwavuli wa hoteli uliosahaulika. Mkufunzi alikuwa nyuma, amevaa viatu vyeusi, amekunja mikono juu ya tumbo.

Nikaanza: "Palikuwa na mama mmoja wa Misikhu." Kicheko kikaanza kabla sijafika mbali. Kijana mmoja akasema, "Hiyo classic!" Nikaisimulia kama Mkufunzi alivyoisimulia, swali kwa swali, mpaka pale anaposema hana swali lingine. Wakapiga makofi. Nikangoja yaishe.

"Sasa nyinyi ndio wakili wa yule mama," nikasema. "Mnapewa nafasi ya kumuuliza tena. Mtauliza nini?"

Halafu binti mmoja wa mstari wa kati, ambaye leseni yake ni ya mwaka huu huu, akainua mkono. "Ningemuuliza kwa nini alitumia wa kulia."

"Angekujibu nini?"

Alifikiri kidogo, na nikaona uso wake ukibadilika. "Angesema huwezi kumpa mzee mkono wa kushoto."

Hakuna aliyecheka. Wote pale ni watu wa kwetu, wote asubuhi ile walikuwa wamesalimiana na wakubwa wao mlangoni kwa mkono wa kulia. Waliisikia hadithi miaka yote na hakuna aliyeliwaza jambo ambalo mtoto wa chekechea analijua.

"Yule mama ni mama yangu," nikasema. "Mlikuwa mnamcheka mbele yangu."

Nilitaka kuendelea, nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunza, makali, ya miaka. Lakini mama alikuwa ameomba swali moja. Nikamtazama Mkufunzi kule nyuma.

"Mzee, wewe ulikuwepo. Ulijua kwamba mkono unamuuma?"

Akasimama polepole, akishika kiti kilicho mbele yake. Akaanza kwa Kiingereza, kile cha mahakamani kinachozunguka nyumba bila kuingia: kwamba wakili ana wajibu kwa mteja wake, kwamba nyakati zilikuwa nyingine, kwamba shahidi alikuwa na wakili wake.

"Kwa Kiswahili, Mzee," nikasema. "Na kwa kifupi. Mama yuko kwenye simu."

Niliiinua simu wakaiona wote. Mkufunzi aliitazama kama kitu kinachoweza kumgonga. Mhudumu aliyekuwa anakusanya vikombe akasimama palepale na sinia lake.

"Nilijua," akasema.

Sauti haikufika hata katikati ya ukumbi. Nilimpa mhudumu kipaza sauti ampelekee. Ndiyo, nilijua ni mzee, na nilifurahi. Ningempelekea vipaza sauti kumi kama vingekuwepo.

"Nilijua," akarudia, na safari hii spika zikaitoa mpaka barabarani. "Ulikuwa unatetemeka ndani ya mkono wangu. Niliona jasho hapa." Akagusa mdomo wake wa juu. "Nikaushikilia zaidi, nikauliza habari za mvua, nione kama atavumilia bila kulia. Alivumilia. Ndiyo nikajua nimeshinda kesi."

Alibaki amesimama, kipaza sauti kifuani, akisubiri. Nadhani alikuwa anasubiri mtu amwambie amekuwa jasiri kusema ukweli. Wengine walikuwa tayari kumwambia, niliwaona, shingo zao zimeanza kulegea. Akaielekea simu, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Mayi, uko hapo? Mayi, nisame..."

"Nimesikia," mama akasema. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye kipaza sauti cha pili, na sauti yake ikajaa ukumbi, kavu, bila kutetemeka. "Nirikuwa nataka kujua tu. Sasa kaa chini."

Mkufunzi akakaa.